Mtumishi Naye Apumzike



Babu yetu alikuwa mwindaji. Jioni, aliporudi kutoka porini, kabla ya kuketi na kabla ya kuomba maji, aliulegeza upinde wake, kisha akautundika ukutani. Sisi watoto tulimwuliza: «Babu, kwa nini unaifungua kamba, na kesho asubuhi utaifunga tena?» Akajibu: «Wajukuu wangu, upinde uliokazwa usiku na mchana, siku ya kumwona mnyama hautakuwa na nguvu.» Tukacheka, tukaenda kucheza. Ilitupasa kufikia umri wa miaka 36, na kumtendea vibaya mama mjane, ndipo tulipoelewa neno lile la babu.

1. Kosa letu

Sisi ni katekista, hapa Katanga. Tulisoma seminari ndogo, halafu miaka miwili ya filozofia katika seminari kubwa. Baadaye tulitambua kwamba mwito wetu ni wa ndoa. Tukarudi nyumbani, tukaoa, na padri akatukabidhi kazi ya kufundisha. Vijiji tunavyovitunza ni saba, na baiskeli ni moja. Asubuhi tuko shambani, maana posho ya katekista haitoshi kulisha watoto wanne. Mchana tunafundisha wakatekumeni. Jioni kuna mkutano wa shirika, au mgonjwa, au matanga, au mume na mke waliogombana. Na tangu simu ya mkononi ilipofika vijijini, hata usiku si wetu tena. Mtu akifa saa nane za usiku, simu inalia kwetu kabla ya kulia kwa ndugu zake.

Katika majira ya mvua ya mwaka jana vifo vilikuwa vingi. Tulizika, tukafariji, tukaondoka kwenda kuzika tena. Usingizi ukatukimbia. Tulijilaza kitandani, na mwili ulikuwa kama mti uliokatwa, lakini kichwa kiliendelea kutembea njia za vijiji vyote saba. Mabega yaliuma. Tuliwakaripia watoto kwa sababu ya kijiko kilichoanguka. Tena, tuungame kweli, tulijivuna kwa hayo. Tulidhani kwamba uchovu ni alama ya utakatifu, na kwamba mtu anayepumzika ni mvivu anayemwibia Mungu.

Siku moja, saa saba za mchana, akaja mama mjane kutoka kijiji cha mwisho. Alitembea kilometa 14 kwa miguu. Mwana wake alikuwa amekufa, naye alitaka tuje kusali pamoja na jamaa. Ilikuwa mara ya tatu kuja, kwa sababu mara mbili tulimwahidi, na mara mbili hatukufika. Watu walikuwapo wengi uani. Hata hatukumpa kiti. Tukapaza sauti: «Mama, sisi si mashini! Huoni kama tumechoka? Nenda zako!»

Hakujibu neno. Alishusha kikapu chake, akatoa mihogo aliyotuletea kama zawadi, akaiweka polepole karibu na mlango, akaenda.

Watu wakatawanyika kimya. Mama wa nyumba yetu akatutazama, akasema: «Baba watoto, yule mama hakukufuata wewe. Alilifuata Neno la Mungu, nawe umelifukuza.»

2. Sista na mkeka wake

Kesho yake tulikwenda kwa padri, tukamweleza yote. Alisikiliza, kisha akatutuma kwa sista mwuguzi wa dispensari. Sista alipima damu, hakuona malaria. Alipima presha, ikawa imepanda kidogo. Halafu akauliza:

«Katekista, kila siku unapumzika saa ngapi?»

«Sista, tunalala saa tano za usiku.»

«Sikuuliza habari ya kulala. Nimeuliza habari ya kupumzika.»

Tukakosa jibu. Akatuongoza katika chumba cha nyuma, akatandika mkeka, akafunga dirisha nusu. Chini ya kichwa chetu aliweka blanketi iliyokunjwa. Chini ya magoti aliweka blanketi nyingine iliyoviringishwa kama gogo, ili mgongo usivutwe. Mikono akailaza mbali kidogo na mbavu, viganja vikitazama juu. Alitufunika kitenge, kwa sababu mwili ukitulia hupoa, na mwenye kusikia baridi hawezi kulegea. Juu ya macho akaweka kitambaa. Mwisho akasema: «Sasa usifanye kitu. Usijilazimishe hata kulala usingizi. Pumzi ikitoka, iache itoke mpaka mwisho. Nitarudi baada ya dakika 20.»

Ndugu wasomaji, kutofanya kitu ni kazi ngumu! Dakika za kwanza tulihesabu madeni, tukawaza juu ya mvua na shamba, tukataka kuinuka mara tatu. Kisha tukatambua kwamba meno yetu yalikuwa yanaumana, na hatukujua. Tukayaachia. Tukatambua kwamba mabega yamepanda karibu na masikio. Tukayaachia nayo. Na hapo, bila sisi kutaka, machozi yakaanza kutoka, yakashuka pembeni mpaka masikioni. Hatukuwa tukilia kwa huzuni ya siku ile tu. Tulikuwa tukiwalilia maiti wote tuliowazika bila kupata nafasi ya kuwalilia.

Sista aliporudi, hakuuliza neno. Alitufundisha kugeuka ubavu kwanza, kukaa hivyo pumzi chache, kisha kujisukuma kwa mikono mpaka kuketi. Tukamwuliza: «Dawa hii inaitwaje?» Akasema: «Inatoka katika yoga ya Wahindi. Ni yoga ya kupumzika.»

Tukashtuka sana.

3. Je, inatoka wapi?

Kwa nini tulishtuka? Kwa sababu tumesikia wahubiri wengine wakisema kwamba yoga ni mlango wa mashetani. Na sisi tunaofundisha wengine imani tungewezaje kulala chini katika jambo tusilolijua? Basi tukauliza, tukasoma. Tutawaeleza kwa kifupi.

Katika nchi ya India yoga ni njia ya zamani sana, nayo kwa Wahindu wengi ni njia ya kumtafuta Mungu. Tusiwadharau: Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulitufundisha kwamba Eklezia haikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini nyingine. Kitabu kimoja cha mazoezi hayo, Hatha Yoga Pradipika, kilichoandikwa karne ya 15, kinataja namna ya kulala chali kama maiti, na kusema kwamba huondoa uchovu na kutuliza moyo. Ndiyo namna ileile ya sista.

Lakini yoga ya kulala juu ya mito na mablanketi ilikuzwa katika siku za karibu. Bwana B. K. S. Iyengar alizaliwa Bellur, kusini mwa India, mwaka 1918. Utotoni aliugua malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Alipokuwa kijana alifundishwa yoga na shemeji yake katika mji wa Mysore, na mwaka 1937 akaenda kufundisha Pune, ambako alifanya kazi mpaka kufa kwake mwaka 2014. Wagonjwa na wazee walipomjia, aliona kwamba nguvu zao haziwezi kuushika mwili katika mazoezi. Akatumia mablanketi, mito, viti, kamba na vipande vya mbao, ili vitu hivyo vichukue uzito na mtu abaki bila kujikaza. Wanafunzi wake wakaeneza njia hiyo. Mmoja wao, Bibi Judith Hanson Lasater wa California, katika Marekani, aliandika mwaka 1995 kitabu kizima juu ya mapumziko ya namna hii.

Sasa sikieni jambo lililotushangaza. Katika maktaba ya misioni tuliona kitabu cha Kifaransa cha mwaka 1956, La Voie du silence, yaani Njia ya Kimya. Mwandishi wake, Padri Jean-Marie Déchanet, alikuwa Mbenediktini wa abasia ya Saint-André, karibu na Bruges katika Ubelgiji. Ndiyo abasia iliyowatuma wamisionari hapa Katanga tangu mwaka 1910. Naye mwenyewe aliishi hapa kwetu katika monasteri ya Kansenia! Mmonaki huyo alifanya mazoezi ya yoga, si kwa kuacha imani yake, bali ili mwili na roho vitulie kabla ya sala. Kumbe jambo tuliloliogopa kama geni lilikwisha kutembea katika nchi yetu kabla ya sisi kuzaliwa.

Na Eklezia inasema nini? Tarehe 15 Oktoba 1989 Kongregasio ya Mafundisho ya Imani, chini ya Kardinali Ratzinger, iliwaandikia maaskofu barua juu ya sala ya kikristu, na ndani yake yoga inatajwa. Barua hiyo haikatazi kila kitu. Inakubali kwamba njia za dini nyingine zinaweza kusaidia, maadamu imani yetu juu ya sala haipotezwi. Lakini inaonya: utulivu na utamu unaosikika mwilini usidhaniwe kuwa ni faraja ya Roho Mtakatifu. Ni onyo la hekima. Mtu anaweza kulala kwa amani juu ya mkeka wake, huku akikataa kumlipa mfanyakazi wake. Amani ya misuli si amani ya dhamiri.

Kwa hiyo sisi tunatofautisha mambo mawili. Kupumzika ni kupumzika, hatukuiti sala. Ni kama kufagia nyumba. Kufagia si kumpokea mgeni, walakini mgeni akija ataona mahali pa kukaa. Na anayetaka kusali katika utulivu huo hahitaji kuazima maneno ya Kihindu. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho kilichokubaliwa na Papa mwaka 1548, aliruhusu kusali kwa kupiga magoti, kwa kuketi, kwa kusimama, hata kwa kulala chali. Tena alifundisha kusali Baba Yetu kwa kufuata pumzi, neno moja kwa kila pumzi.

4. Mwili unavyotulia

Wengine watasema: «Kulala chini dakika 20 kunaleta faida gani?» Tuwasikilize waganga.

Mwenyezi Mungu ameutia mwili namna mbili za mishipa ya fahamu inayofanya kazi bila sisi kuiamuru. Ya kwanza huamsha: ukikutana na nyoka njiani, moyo unapiga mbio, pumzi inakuwa fupi, misuli inakazwa, ili upigane au ukimbie. Mganga Walter Cannon wa Marekani alieleza jambo hilo mwaka 1915. Ya pili hutuliza: moyo unakwenda pole, tumbo linasaga chakula, mwili unajitengeneza. Taabu ni hii: mwili unaitikia hatari ya mawazo kama hatari ya nyoka. Simu ya usiku, deni, ugomvi wa jirani, vyote vinaukaza upinde. Na kama hakuna anayeulegeza, unabaki umekazwa.

Njia za kuulegeza zimechunguzwa. Mwaka 1929 Mganga Edmund Jacobson alitoa kitabu juu ya kulegeza misuli moja baada ya moja: unakaza mkono kidogo, unausikiliza, unauachia, kisha unakwenda kwenye sehemu nyingine. Karibu na mwaka 1970 Mganga Herbert Benson, huko Boston, aliwapima watu waliokuwa wakifanya taamuli ya Kihindi. Aliona kwamba mioyo na pumzi zao zinapungua mwendo, na mwili unatumia hewa safi kidogo kuliko kawaida. Katika kitabu chake cha mwaka 1975 alitaja mambo manne yanayotakiwa: mahali pa kimya, mkao usiochosha, neno moja la kurudiarudia, na moyo usiojilazimisha. Wazo likija, usipigane nalo. Liache lipite, urudi kwenye neno lako. Mabibi zetu wanaosali rozari jioni karibu na moto hawakusoma kitabu hicho, lakini jambo lenyewe wanalijua.

Hata pumzi yenyewe ina siri. Tunapovuta hewa moyo unaongeza mwendo kidogo, tunapoitoa unapunguza. Ndiyo sababu pumzi inayotoka pole na kwa muda mrefu hutuliza kuliko maonyo elfu ya «usiwe na wasiwasi».

5. Namna ya kufanya nyumbani

Hamhitaji kununua kitu. Mkeka, mablanketi mawili, mto, kitenge, na ukuta: vinatosha. Ukikosa mto, gunia dogo la maharagwe linafaa sana.

Kwanza, kulala chali, kama tulivyoeleza, dakika 10 mpaka 20.

Pili, miguu ukutani. Keti ubavu karibu na ukuta, geuka, lala chali, na miguu iegemee ukuta ikielekea juu. Dakika 10 zinatosha. Hii ndiyo dawa yetu baada ya siku ya baiskeli. Lakini mwenye presha kubwa au ugonjwa wa presha ya macho asiifanye bila kumwuliza mganga.

Tatu, kuinama juu ya mto. Piga magoti, keti juu ya visigino, tanua magoti, weka mito au magunia mbele yako, ulaze kifua na shavu juu yake kama mtoto mgongoni mwa mama. Katikati ya muda ugeuze shavu. Magoti yakiuma, acha.

Mama mwenye mimba iliyokua asilale chali. Alale ubavu wa kushoto, na mto katikati ya magoti. Na kila mtu akumbuke: mwili ukilalamika, ongeza blanketi au badili mkao. Hapa hakuna sifa kwa anayevumilia maumivu.

Tena tusidanganyane. Mkeka hauponyi malaria, wala haushibishi njaa. Mwenye homa, mwenye presha, mwenye huzuni inayomfanya atake kufa, aende hospitali. Wala dakika 20 hazichukui nafasi ya usingizi wa usiku. Sisi sasa tunaizima simu tangu saa nne za usiku mpaka alfajiri, na mzee wa kila shirika amefundishwa kuanzisha sala za wafu bila sisi. Tuliogopa kwamba watu watanung'unika. Hawakunung'unika. Wazee wanasali vizuri kuliko sisi tuliokuwa tukisinzia.

Jambo moja tusilisahau. Juma la pili la mazoezi yetu tulikuwa tumelala juu ya mkeka, tukasikia kinu nje: mama wa nyumba yetu anatwanga sombe, mtoto mgongoni. Tulijiuliza: na upinde wake yeye, nani anaulegeza? Baba anayepumzika huku mama akitwanga hajajifunza kupumzika; amejifunza kutumikiwa tu. Tangu siku ile tunapokezana. Yeye akilala, sisi tunashika mtoto na mchi. Majirani walicheka siku tatu, kisha wakachoka kucheka.

6. Kilometa 14

Mtatuuliza: na yule mama mjane?

Baada ya juma moja tulipanda baiskeli tukaenda kijijini kwake. Kwa kuwa tulimtukana mbele ya watu, tuliomba msamaha mbele ya watu. Tulipiga magoti uani mwake, tukasema: «Mama, tulikukosea. Tulimkosea na marehemu mwanao.» Tulingojea maneno makali, maana yalitustahili.

Akatuinua kwa mkono, akaleta kiti, kile ambacho sisi hatukumpa. Akasema: «Mwanangu, siku ile niliona umechoka. Ndiyo maana nilikuachia mihogo.»

Basi tulisali pamoja na jamaa yake mpaka jua likashuka.

Ndugu wasomaji, nabii Eliya alipochoka hata akaomba kufa, Mungu hakumtumia kwanza maonyo. Alimtuma malaika na mkate na maji, akamwacha alale tena, ndipo alipomwonyesha safari. Naye Bwana Yezu alilala usingizi katika mashua wakati wa dhoruba, tena Mtakatifu Marko anasema kwamba kichwa chake kilikuwa juu ya mto. Ikiwa Bwana hakuona haya kuweka kichwa juu ya mto, mtumishi wake aone haya kwa nini? Ninyi makatekista, walimu, wauguzi, akina mama wenye kubeba nyumba nzima: leo jioni tandikeni mkeka. Watu wanaotujia kutoka mbali wametembea sana. Hawastahili kupokelewa na upinde uliovunjika.